Chiku na Firigisi ya Babu

Haya, kaeni vizuri. Aliye na kitu mdomoni, ameze. Hadithi hii ina kuku ndani yake, na hatutaki mate kwenye kitabu.

Palikuwa na msichana anaitwa Chiku. Aliishi Singida mjini na mama yake, katika nyumba yenye mlango wa bluu.

Chiku alikuwa mdogo. Mdomo wake haukuwa mdogo.

Siku moja Babu alikuja kuwatembelea. Alitoka kijijini Iguguno na fimbo mkononi, kofia kichwani, na jogoo kwapani.

"Hodi!" akasema Babu.

"Kokoriko!" akasema jogoo.

Maskini jogoo. Hakujua amekuja kufanya nini.

Babu na Chiku walikuwa watani. Babu na mjukuu huwa watani, hiyo haina mjadala.

"Shikamoo Babu," akasema Chiku.

"Marahaba, Masikio-Mapana," akasema Babu.

"Asante, Kichwa-Yai," akasema Chiku.

Hakuna aliyenuna. Utani ni utani. Mama peke yake ndiye aliyeshika kiuno, akatikisa kichwa, akaenda jikoni kucheka.

Jumapili Mama akapika jogoo.

Harufu ikatoka jikoni. Ikapita sebuleni. Ikaingia puani mwa Chiku, ikakaa humo kama mgeni asiyeaga.

Mama akapakua. Babu akapewa paja. Babu akapewa mchuzi. Kisha, juu kabisa, Babu akapewa firigisi.

Unaijua firigisi? Ni kile kinofu kinene cha ndani ya kuku. Kuku mzima ana firigisi moja tu. Moja!

Na Chiku? Chiku akapewa shingo.

Umewahi kula shingo ya kuku? Mfupa, mfupa, mfupa. Nyama imekwenda kusalimia majirani.

"Mama," akasema Chiku, "mbona firigisi amepewa Babu?"

"Ni heshima, mwanangu. Firigisi ni ya mkubwa."

"Babu, nimegee kidogo."

"Thubutu!" akasema Babu. "Mtoto akila firigisi, anaota ndevu."

Chiku akamtazama Babu. Akamtazama kidevu. Kidevu kilikuwa kitupu, hakina hata udevu mmoja.

"Babu, wewe umeshakula firigisi ngapi?"

"Nyingi sana!"

"Sasa ndevu zako ziko wapi?"

Babu akakohoa. Kho! Kho! Mama akatazama dari.

Babu akaisogeza firigisi pembeni mwa sahani. Ndivyo alivyozoea. Ugali kwanza. Mchuzi kwanza. Firigisi mwisho.

Mwisho ulipofika, aliitia mdomoni. Akafumba macho. Akatafuna taratibu.

Nyang'a, nyang'a, nyang'a.

Chiku akameza mate. Glu!

Aliitaka firigisi. Aliitaka kuliko pipi. Aliitaka kuliko baiskeli. Shingo alikuwa ameichoka kabisa.

Kesho yake, shuleni kwa Chiku alikuja mtu wa mazingaombwe. Alivaa koti jekundu. Suruali ilikuwa fupi, lakini hakuna aliyejali.

Mtu yule alichukua kalamu ya mwalimu. Akaipulizia. Fyuu! Kalamu haipo! Akaitoa nyuma ya sikio la mwalimu mkuu.

Watoto wakapiga kelele. Mwalimu mkuu akajishika sikio mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Chiku akarudi mbio. Puta, puta, puta!

"Babu! Babu! Leo nimeona kiini macho!"

"Kiini macho ndiyo nini?" akauliza Babu. Alijua. Alitaka tu kuchokoza.

"Ni hivi. Unatazama, lakini huoni!"

"Aa, hao wanawaweza ninyi," akasema Babu. "Mimi nimechunga mbuzi tangu utotoni. Fisi mwenyewe hajaweza kunifanyia kiini macho. Macho haya yanaona kila kitu!"

"Mimi nitakufanyia."

"Wewe?"

"Mimi."

Babu akacheka mpaka kofia ikamshuka puani.

"Haya, Masikio-Mapana. Jumapili mama yako atapika kuku mwingine. Jumatatu narudi kwangu. Ukinifanyia kiini macho nisikione kabla sijaondoka, firigisi ni yako."

"Yote?"

"Yote."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Mama kutoka jikoni. Mama husikia kila kitu kutoka jikoni.

Basi Chiku akaanza kutafuta kitu cha kufanyia kiini macho.

Sufuria? Kubwa mno. Unga? Utamwagika. Mbuzi wa jirani? Mbuzi hakukubali.

Kijiko! Kijiko kinafaa.

Chiku akasimama mbele ya Babu. Akashika kijiko. Akaukamata mkono wake kwa mkono wa pili, hivi. Akafungua vidole.

"Piku piku, mimi ni Chiku!
Tazama huku, tazama huku!"

Kijiko hakikuanguka! Kilikuwa kimeganda kwenye kiganja.

Babu akainama. Akainama zaidi. Akachungulia upande wa pili.

"Hicho kidole kimoja kimejificha huko kinafanya nini?"

Chiku akakitazama kidole. Kidole kikaona aibu. Kijiko kikaanguka. Kringi!

"Nimeona, nimeona!" akaimba Babu.
"Kwa Babu hakuna kupona!"

Chiku akakunja uso. Akaenda kutafuta tena.

Kifungo! Kifungo ni kidogo. Kitajificha vizuri.

Akavaa sweta la Mama lenye mikono mirefu. Akashika kifungo. Akazungusha mkono juu, akazungusha mkono chini.

"Piku piku, mimi ni Chiku!
Tazama huku, tazama huku!"

Akainua mkono juu, akafungua kiganja. Kitupu! Kifungo kilikuwa kimeingia kwenye mkono wa sweta. Chiku akautazama mkono wa sweta. Akautazama tena. Akauchungulia.

"Shusha mkono," akasema Babu.

"Nimechoka, Babu. Nitakaa hivi hivi."

"Mpaka kesho?"

"Mpaka kesho kutwa."

Mkono ukauma. Mkono ukatetemeka. Mkono ukashuka. Kifungo kikatoka, kikabingiria. Ti-ti-ti-ti-ti! Kikaenda kusimama kwenye kidole gumba cha mguu wa Babu.

"Nimeona, nimeona!
Kwa Babu hakuna kupona!"

Chiku akapiga mguu chini. Puu! Akaenda kutafuta tena.

Yai!

Hapana, Chiku. Usichukue yai. Tunakuomba.

Chiku akachukua yai.

"Piku piku, mimi ni Chiku!
Tazama huku, tazama huku!"

Akageuka haraka. Yai likapotea! Liko wapi? Liko kwapani.

"Yai halipo, Babu!"

Babu akatazama mikono ya Chiku. Mitupu. Akatazama chini. Hamna kitu. Kisha akamtazama Chiku. Chiku alikuwa anatazama kwapa lake, huku akitabasamu.

Babu akafungua mikono yake miwili.

"Ama kweli umeniweza! Njoo nikukumbatie, mjukuu wangu!"

Akamkumbatia. Akambana sana.

Pchaa!

Yai likashuka ubavuni. La baridi. Linateleza. Likafika kiunoni, likaendelea na safari.

"Nimeona, nimeona!" akaimba Babu. "Na leo nimesikia pia!
Kwa Babu hakuna kupona!"

Chiku akaenda kuoga. Hata baada ya kuoga, nzi mmoja aliendelea kumpenda.

Jioni, Chiku alikaa kibarazani amenuna. Mdomo ulikuwa mrefu, kuku angeweza kulala juu yake.

Babu akakaa karibu naye. Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Chk, chk, chk. Babu na vijiti vya meno hawaachani. Hata kama hajala, anachokonoa tu.

"Unajua kwa nini nakukamata, mtani?" akasema Babu. "Macho yako yanakusema. Ukificha kitu, unakitazama."

"Sikitazami."

"Unakitazama. Na mimi nikitazama macho yako, najua kila kitu kilipo."

Babu huyo. Angenyamaza angepungukiwa nini? Lakini mwenye kujisifu hanyamazi.

Chiku akalisikia neno lile. Akaliweka moyoni.

Jumamosi Mama alikuwa anashona mapindo ya kanga mpya.

Kanga huja mbili mbili, zimeungana. Mama alizikata katikati. Sasa zikawa pacha. Rangi moja, maua yale yale, maneno yale yale.

Mama akakunja ukingo, akashona. Akakunja, akashona. Chiku akatazama lile pindo. Lilikuwa na tundu refu ndani yake.

Chiku akachukua kijiti cha meno. Akakisukuma ndani ya pindo. Kikaingia. Kikajificha. Hakionekani kabisa!

Hapo hapo moyo wa Chiku ukaruka.

Akachukua kijiti cha pili. Akakiviringisha katikati ya kanga. Akapapasa pindo, akakivunja kile cha kwenye pindo. Kwaa! Akakunjua kanga.

Kijiti cha katikati kikaanguka. Kizima! Hakina hata mchubuko!

"Yesss!" akanong'ona Chiku, akacheza peke yake nyuma ya mlango.

Babu atasikia kijiti kikivunjika. Babu atakivunja kwa mikono yake mwenyewe. Na kijiti kitatoka kizima. Babu atachanganyikiwa!

Chiku akatoa vile vipande. Akaweka kijiti kipya kwenye pindo. Kisha akaikunja kanga vizuri, akaiweka juu ya pacha wake.

Usiku ule hakuota ndoto yoyote isipokuwa ya firigisi.

Jumapili ikafika. Harufu ikatoka jikoni. Ikapita sebuleni. Unajua ilikokwenda.

Mama alikuwa amependeza. Alijifunga kanga moja kiunoni. Nyingine akaitupia begani.

Mama akapakua. Babu akapewa paja. Babu akapewa mchuzi. Babu akapewa firigisi. Akaisogeza pembeni mwa sahani.

Chiku akapewa shingo. Hakuigusa.

Ugali wa Babu ukapungua. Ukapungua tena. Ukaisha. Babu akanyoosha mkono kuelekea firigisi.

"Babu, subiri!" akaruka Chiku. "Kiini macho!"

"Tena?" akasema Babu. "Kwapa limeshakauka?"

"Lete kijiti chako cha meno."

Babu akakitoa nyuma ya sikio, akampa. Chiku akachukua kanga ya begani kwa Mama. Akaitandaza mkekani. Akaweka kijiti katikati. Akaviringisha.

"Piku piku, mimi ni Chiku!
Tazama huku, tazama huku!"

Chiku akapapasa pindo.

Hamna kijiti.

Akapapasa pindo la pili. Hamna kijiti. La tatu. Hamna. La nne. Hamna!

Mama naye akaketi ili atazame vizuri.

"Aiii!" akaruka Mama. "Nini hiki kimenichoma kiunoni?"

Chiku akamtazama Mama. Akaitazama kanga ya kiunoni. Maua yale yale. Rangi ile ile.

Lo, Chiku. Umechukua pacha asiye na kijiti.

"Haya, tunangoja," akasema Babu. "Kesho asubuhi nina safari."

Macho ya Chiku yakajaa machozi. Kesho Babu anaondoka. Leo ndiyo mwisho. Hakuna firigisi. Kuna shingo, na shingo, na shingo mpaka awe bibi kizee.

"Mbona unapapasa papasa?" akauliza Babu. "Eee! Kuna kitu kwenye pindo! Lete hapa!"

Babu akainyakua kanga. Kijiti chake kikaanguka. Babu hakukijali. Akasimama. Akaikunjua kanga, akaishika huku na huku, akaiinua mbele ya uso wake. Fwaa!

Kanga ni pana. Babu mzima akapotea nyuma yake. Ikabaki miguu.

"Nitakiona tu," ikasema sauti ya Babu. "Pindo la juu... hamna. La pembeni... hamna."

Mama alikuwa amegeukia ukutani, anatafuta kilichomchoma.

Chiku akatazama huku. Akatazama kule. Hakuna anayemtazama.

Firigisi ilikuwa pale, pembeni mwa sahani. Nene. Inang'aa. Peke yake.

Chiku aliitamani! Lakini safari hii hakuitazama. Aliitazama miguu ya Babu.

"Piku piku, mimi ni Chiku," akanong'ona.

Nyuma ya kanga, Babu alikuwa amefika kwenye maandishi. Kila kanga ina maneno yake, na Babu hawezi kuona maneno akayaacha. Alisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

"U-si-ni-ta-za-me..."

Mkono wa Chiku ukatoka.

"Ta-za-ma..."

Nyaku!

"Sa-ha-ni..."

Hapu!

"Ya-ko. Usinitazame, tazama sahani yako! Ha! Maneno mazuri haya!"

Babu akaishusha kanga. Alikuwa anacheka kwa furaha.

"Hamna kitu! Umeshindwa, Chiku! Nimeona, nimeona! Kwa Babu hakuna ku..."

Sahani.

Babu akaitazama sahani. Sahani ikamtazama Babu.

"Firigisi yangu iko wapi?"

Akainua sahani. Chini hamna. Akainua bakuli la mchuzi. Hamna. Akavua kofia, akachungulia ndani. Hamna. Akaangalia hata nyuma ya sikio lake.

"Mama Chiku! Umeichukua wewe?"

"Mimi Baba? Mimi nimechomwa hapa, sina habari na firigisi."

Babu akamgeukia Chiku.

"Wewe! Firigisi iko wapi?"

Chiku akanyamaza. Alikaa vizuri, mikono mapajani. Shavu moja lilikuwa limevimba.

"Sema!"

Chiku akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto jana tu alikuwa anaongea kama redio. Leo mbona hasemi?"

"Baba," akasema Mama, "si wewe mwenyewe uliyemfundisha? Mtoto mwenye adabu hasemi akiwa anatafuna."

"Kweli," akasema Babu. "Hilo nilimfundisha mi..."

Akalitazama shavu. Macho yake yakawa makubwa kama vikombe.

"Anatafuna nini?"

Nyang'a, nyang'a, nyang'a, akatafuna Chiku.

"Huo ni wizi!" akapiga kelele Babu. "Wizi mchana kweupe!"

"Ngoja kwanza, Baba," akasema Mama. "Firigisi ilikuwa wapi?"

"Kwenye sahani yangu!"

"Na sahani ilikuwa wapi?"

"Mbele yangu!"

"Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Babu akaitazama kanga iliyokuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa natazama kanga," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi hicho ni kiini macho," akasema Mama. "Na mimi nilisikia ahadi kutoka jikoni."

Mabega ya Babu yakaanza kutikisika. Kwanza kidogo. Kisha sana. Babu akacheka, akapiga goti lake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimeshikwa! Jamani, nimeshikwa! Fisi hakuniweza, ameniweza Masikio-Mapana!"

Glu! Chiku akameza.

Akasimama. Akainama mbele ya Babu, kama yule mtu wa koti jekundu. Akainama mbele ya Mama.

"Ilikuwaje?" akauliza Babu. "Tamu?"

"Ngumu kama kandambili," akasema Chiku. Akajiramba vidole. "Lakini tamu!"

Kisha akajishika kidevu haraka. Hakuna ndevu. Babu mwongo.

Usiku, Chiku alikuwa kitandani. Mlango ukafunguka polepole. Kriii.

Ni Babu. Alikuja kwa kunyata, kofia mkononi.

"Mtani. Umelala?"

"Nimelala, Babu."

"Vizuri. Nifundishe kile kiini macho."

Chiku akaketi. "Cha nini? Wewe kila siku unapewa firigisi bila kiini macho."

Babu akatazama mlangoni. Akasogea karibu. Akanong'ona.

"Hapa napewa. Kule Iguguno mkubwa si mimi. Mkubwa ni kaka yangu, Mkumbo. Kila kuku, firigisi ni yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi nina meno mawili."

Chiku akashika mdomo. "Na wewe hupewa nini?"

Babu akashusha pumzi ndefu.

"Shingo."

Chiku alicheka mpaka kitanda kikalia kwii, kwii, kwii. Lakini alipomtazama Babu vizuri, akamwonea huruma. Mzee mzima! Shingo miaka yote hiyo!

"Njoo, Babu. Kaa hapa. Kofia yako ni firigisi. Nichukulie nisione."

Babu akaitazama kofia. Akaikodolea. Akaimezea mate.

"Macho, Babu! Usiitazame unayoitaka. Nitazame mimi."

Babu akamtazama Chiku. Jicho moja likarudi kwenye kofia.

"Nimeona, nimeona!" akaimba Chiku.
"Kwa Chiku hakuna kupona!"

Wakarudia. Wakarudia tena. Mpaka Mama akasema kutoka jikoni, "Babu na mjukuu, taa!"

Wakazima taa.

Asubuhi Babu akachukua fimbo na kofia. Akaomba zawadi moja tu, kanga ya Mama. Mama akampa, akashangaa. Chiku hakushangaa.

Siku zikapita. Jumapili ikarudi. Chiku alikuwa ameshapiga mswaki, ameshavaa nguo za kulalia, simu ya Mama ikalia.

Tiriri! Tiriri!

"Halo?" akasema Mama. "Halo, Baba? Habari za Iguguno? Mnaendeleaje?"

Kimya.

"Baba? Mbona husemi?"

Mama akampa Chiku simu. Chiku akaiweka sikioni.

Mbali, mbali sana, mzee fulani alikuwa anafoka. "Nani kachukua firigisi yangu? Ilikuwa hapa! Ilikuwa hapa sasa hivi!"

Na karibu, karibu kabisa na simu, kulikuwa na sauti nyingine ndogo.

Nyang'a, nyang'a, nyang'a.

Chiku akatabasamu mpaka masikioni.

"Tafuna taratibu, Babu," akasema. "Usiku mwema."

Hadithi imeliwa, sahani ni tupu. Aliyeshiba na alale.